Gitaa la Babu na Ndugu Yake Mpya

Babu yangu, baba wa mama yangu, aliamini kwa miaka mingi kwamba gitaa lake lilitoka katika karakana ya Mtakatifu Yosefu. Wasomaji wapenzi, msimcheke upesi. Alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mmarekani huko Jadotville, mji tuuitao leo Likasi. Bwana yule aliporudi kwao mwaka 1958 alimwachia gitaa dogo la rangi ya kahawia, lisilo na pambo lo lote. Babu alikuwa amejifunza kusoma kwa katekista. Siku ile ile alichungulia ndani ya tundu la gitaa, akaona neno limepigwa chapa katika ubao: Nazareth. Baada ya neno hilo zilifuata herufi mbili, P na A. Babu akawaza: Nazareti ni mji wa Yosefu seremala, na P na A bila shaka ni kifupi cha Padri. Tangu siku ile alinawa mikono kila mara kabla ya kuligusa.

Padri wa parokia ndiye aliyemwondolea kosa hilo. Alimweleza kwamba Nazareth hiyo ni mji mdogo wa Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, ulioanzishwa na Wamoravia, Wakristo wa madhehebu ya Kiprotestanti, wakaupa jina la kijiji cha Bwana wetu. Herufi zile mbili zilikuwa kifupi cha jina la jimbo. Babu alifikiri kidogo, kisha akajibu: "Basi, Padri, hata Waprotestanti wanajua seremala mwema anatoka wapi." Wala hakuacha kunawa mikono.

Mwaka jana gitaa hilo lilinitia katika mashaka makubwa, na ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia. Nafikiri jamaa nyingi zina kitu kama hicho nyumbani, kitu cha mzee aliyefariki, ambacho hakuna athubutuye kukitumia wala kukitoa.

Kwanza niseme machache juu ya ukoo wa gitaa lenyewe. Christian Friedrich Martin alizaliwa mwaka 1796 huko Markneukirchen, katika nchi ya Saxony ya Ujerumani, katika jamaa ya maseremala. Alikwenda Vienna, akafanya kazi kwa fundi Johann Georg Stauffer. Huko kwao kulikuwa na ugomvi: chama cha mafundi wa fidla kilidai kwamba kazi ya magitaa ni haki yake peke yake, wala maseremala wa makabati wasiiguse. Mwaka 1833 Martin alivuka bahari pamoja na jamaa yake mpaka New York, na miaka michache baadaye akahamia Nazareth. Kiwanda chenye jina lake kingali kikifanya kazi katika mji huo.

Magitaa ya siku zile yalikuwa madogo. Mafundi waliyataja kwa sufuri: la sufuri moja ni dogo, la sufuri mbili limezidi kidogo, la sufuri tatu limezidi tena. La babu ni la sufuri mbili. Mahali palipo panapo zaidi ni sentimita 36 hivi, na mtoto wa miaka kumi aweza kulipakata pasipo shida. Baadaye watu walitaka sauti ya kishindo, ipate kusikika katikati ya waimbaji wengi na vinanda vingine. Mwaka 1916 kiwanda kile kilitengeneza, kwa ajili ya duka la Ditson, gitaa kubwa lililoitwa Dreadnought, jina la manowari ya Kiingereza. Upana wake ni karibu sentimita 40. Manowari hiyo imeenea ulimwenguni kote, na yale madogo yakahesabiwa na wengi kuwa vitu vya zamani.

Lakini sisi wa Katanga tuna sababu ya kulipenda gitaa dogo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na kuzihifadhi nyimbo zake kwa chombo cha kurekodi, alimkuta Jean Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville. Wimbo wake Masanga umesikika tangu hapo hata Ulaya na Marekani. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilitembea na sauti nzito, na kidole cha pili kikazijibu kwa sauti nyembamba, hata msikiaji akadhani wako watu wawili. Babu, aliyekuwa kijana wakati ule, alimsikia kwa masikio yake, na maisha yake yote alijitahidi kufuata njia hiyo. Kwa mpigaji wa namna hii gitaa kubwa lina kishindo mno. Sauti nzito huzifunika nyembamba. Gitaa dogo hujibu upesi, tena hutenga sauti moja moja, kama mwalimu amwitaye kila mtoto kwa jina lake.

Babu alilipiga katika arusi, katika matanga, na katika sherehe za wafanyakazi wa migodi. Nyuzi zilipokatika, naye hana fedha, alifunga waya wa breki ya baiskeli. Kanisani hakuthubutu kulileta, kwa maana gitaa lilihesabiwa kuwa chombo cha baa. Lakini mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia, ikafungua mlango kwa vyombo vingine vya muziki vinavyofaa kwa ibada. Miaka michache baadaye paroko mwenyewe alimwomba babu aje na gitaa lake kwenye Misa ya Jumapili. Mama yangu anasimulia kwamba siku hiyo babu alinawa mikono mara tatu.

Babu alifariki nilipokuwa katika seminari ndogo. Gitaa likanijia mimi. Na mimi, niliyefundishwa na mapadre kutunza vitabu na vitu vya thamani, nililitunza hivi: nililifungia kabatini. Wanafunzi wangu walijua kwamba mwalimu ana gitaa, kama vile watu wanavyojua kwamba paroko ana sanduku la fedha. Nilililitoa Noeli na Pasaka tu. Mtoto akinyosha mkono alionywa kwa sauti kali. Nilijiambia ya kuwa namheshimu babu.

Mwaka jana alikuja katika parokia yetu mgeni mmoja kutoka Ubelgiji, mwalimu mstaafu, kusaidia shuleni kwa miezi mitatu. Alikuwa mpigaji gitaa. Alipofungua kasha lake nilistaajabu: ndani yake lilikuwamo gitaa la babu! Kiasi kile kile cha sufuri mbili, uso, mbavu na mgongo vyote vya mti wa mahogani, rangi ile ile ya kahawia, na ndani, chapa ile ile ya Nazareth. Tofauti ni kwamba hili liling'aa. Mgeni akanieleza kwamba gitaa lake lilitengenezwa miaka michache tu iliyopita, kwa kufuata umbo na vipimo vya magitaa ya miaka ya 1930. Nami nikamletea la babu. Alichungulia ndani kwa taa, akasoma namba iliyopigwa katika kipande cha mti kinachoshika shingo, akaitafuta katika orodha ya kiwanda. Mwaka wake ulikuwa 1941.

Msomaji atauliza: kwa nini kiwanda kiige kazi yake chenyewe ya miaka tisini iliyopita? Nami niliuliza hivyo hivyo, na jibu lake limenifundisha mengi.

Ndani ya gitaa, chini ya ubao wa uso, ziko fito za mti zilizopishana kama herufi X. Kazi yake ni kuushika ubao usipindwe na mvuto wa nyuzi. Mafundi wa kale walizichonga fito hizo, wakazipunguza mahali mahali, ili ubao uwe na nguvu ya kutosha lakini uweze kutetemeka kwa uhuru. Na sauti ya gitaa ndiyo mtetemeko huo. Baadaye watu wakafunga nyuzi nene za chuma, na magitaa mengine yakarudi kiwandani yamevimba uso. Basi mwishoni mwa mwaka 1944 kiwanda kiliacha kuzichonga fito namna ile, kikaziacha nene. Tangu hapo magitaa yalistahimili zaidi, lakini wapigaji wenye masikio makali walisikia kwamba sauti imefungwa kidogo. Wakaanza kuyatafuta ya zamani na kuyalipia fedha nyingi. Hatimaye, mwaka 1976, kiwanda kilitoa gitaa kubwa liitwalo HD-28, lenye fito zilizochongwa kama zamani. Baada ya hilo yalifuata mengi, makubwa na madogo. Wajukuu walirudi kusoma kazi ya babu zao.

Nilipoyasikia hayo sikutambua bado kwamba yananihusu. Yaani, kwa kuogopa mti usivunjike, watu waliunyima sauti.

Mgeni alipoona jinsi nilivyoshangazwa na magitaa yale mawili, aliniambia neno la wazi. Alitamani sana kupata gitaa la 1941. Angeniachia lake jipya, na juu yake angelipa ada ya miaka mitatu ya mdogo wangu, binti wa mwisho wa mama, aliyekuwa amepokelewa katika chuo cha uuguzi, nasi hatujui tutapata wapi fedha. Akaongeza: "Mwalimu, sitaki unijibu leo. Uliza jamaa yako. Na tukikubaliana, itabidi kungoja karatasi." Maana ubao wa shingo unaobonyezwa na vidole, katika magitaa ya wakati ule, ni wa palisanda ya Brazili. Tangu mwaka 1992 mapatano ya mataifa yamezuia biashara ya mti huo uliokaribia kwisha. Vitu vya kale tu huweza kuruhusiwa, tena kwa hati maalum. Hata mahogani ya Amerika imekuwa adimu na inalindwa, na siku hizi magitaa mengi hutengenezwa kwa sapelli, mti wa misitu ya Kongo yetu. Sikujua kwamba mbao tunazoziona zikipita juu ya malori zaweza kurudi kwetu zikiimba.

Basi mgeni aliporudi Ulaya aliniachia gitaa lake nilipime, akaanza kushughulikia hati. Kwa miezi saba nilikuwa na magitaa mawili katika nyumba moja. Mungu anisamehe, nilianza kuyapima nikiwa nimekwisha kukata shauri moyoni: nilitaka la babu lishinde.

Nilianza na uzito, kwa mizani ya unga ya masista. La babu lilikuwa jepesi kidogo. Mti uliokauka miaka themanini umepoteza maji na utomvu wake. Siku hizi viwanda vingine huoka mbao katika tanuru lililopunguzwa hewa, zisiwake moto, ili zikauke na kuwa nyepesi kama za kale. La mgeni halikuokwa. Lilikuwa jipya kweli kweli. Nikajiambia: moja kwa babu.

Nikaendelea na harufu. Msicheke. La jipya lina harufu ya vanishi. La babu lina harufu ya moshi wa makaa, ya sabuni ya kipande, na ya kitu kingine ambacho siwezi kukitaja ila kwa kusema ni nyumba ya babu. Mbili kwa babu.

Lakini katika shingo mambo yaligeuka. Shingo la babu limepindika kidogo, na chuma cha tatu kimelika kwa vidole vyake. Uzi wa nne ukibonyezwa hapo hukoroma, kama mzee aliyelala baada ya chakula. Ndani ya shingo hilo kuna chuma kilichogandishwa kabisa, hakirekebishiki. Kulinyosha ni kazi ya fundi mkubwa, aling'oe shingo lote, na fundi wa namna hiyo sikumpata karibu nasi. Gitaa la mgeni lina chuma cha namna nyingine, ambacho kiwanda kilianza kukitia mwaka 1985. Kwa ufunguo mdogo uingiao katika tundu la gitaa, shingo hunyoshwa kwa dakika chache. Nililifanya mwenyewe, nami si fundi.

Kiangazi kilipofika kililipima jambo lingine. Wenzetu wa Katanga wanajua miezi ya Juni na Julai, upepo mkavu, midomo hupasuka, na milango iliyokaza wakati wa mvua huwa na nafasi ya kupitisha kidole. Gitaa la mbao halisi, liwe la zamani au jipya, hupata taabu kwa ukavu huo. Babu alijua dawa yake: aliweka kitambaa chenye maji ndani ya kibuyu kidogo, akakiweka kashani karibu na gitaa. Nikafanya hivyo kwa yote mawili. Hata hivyo mwezi wa Julai ufa wa zamani wa mgongoni mwa gitaa la babu ulifunguka kiasi cha unywele. Nililitazama kwa huzuni. Kabati langu halikulilinda. Mti hunyauka gizani kama nuruni.

Ilibaki sauti, na sauti ndiyo gitaa. Niliyapiga yote mawili usiku mwingi, baada ya kusahihisha madaftari. La babu lilinipa sauti kavu, ya karibu, kama mtu asemaye nawe mkiwa kwenye mkeka mmoja. La jipya lilikuwa na sauti safi zaidi na ndefu zaidi, lakini ngumu kidogo, kama mwanafunzi ajuaye somo lake vizuri mno. Niliandika katika daftari langu: la babu ni bora. Nilifurahi. Lakini nilipolifunga daftari, dhamiri yangu ilinisumbua: je, nimesikia kwa masikio, au kwa mapenzi?

Nilikumbuka habari niliyoisoma juu ya fidla za Stradivari, ambazo bei yake ni mamilioni. Mwaka 2010, mjini Indianapolis, mtaalamu Claudia Fritz na wenzake waliwaita wapigaji fidla 21, wakawavika miwani ya kulehemu iliyozibwa, katika chumba chenye nuru kidogo, wakawapa fidla za kale na fidla mpya bila kuwaambia ipi ni ipi. Wapigaji wengi walipenda fidla mpya kuliko zote, na ile iliyopendwa kwa uchache zaidi ilikuwa Stradivari. Hata magitaa yamepimwa hivyo huko Uingereza: wapigaji 52 walipewa magitaa sita yaliyotofautiana kwa mti wa mgongo na mbavu tu, nao hawakuona tofauti kubwa kati yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Basi nami nikafanya jaribio, pasipo miwani ya kulehemu. Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, nilitundika shuka katika ukumbi wa parokia, nikakaa nyuma yake na magitaa yangu mawili. Waimbaji 14 walikaa upande wa pili. Mama yangu alikuwapo, amekuja kuchukua funguo za nyumba, akakaa nao. Nilipiga wimbo mmoja mara sita, nikibadilisha magitaa bila utaratibu, kisha nikauliza: "Sauti ipi imewapendeza zaidi?" Waimbaji wanane walichagua la jipya, sita wakachagua la babu. Nikauliza tena: "Lipi ni la zamani?" Zaidi ya nusu walikosea. Binti mmoja, mwenye sikio kupita wote katika kwaya, alisema kwa uhakika kamili kwamba gitaa jipya ndilo la babu, kwa sababu "lina sauti ya busara."

Sitawaficha: uso wangu uliona haya nyuma ya shuka. Kumbe miaka mingi nililinda kabatini sauti ambayo masikio ya vijana wanane hayakuichagua.

Lakini mama hakuwa amesema neno. Nilipomwuliza alicheka huku akijifuta macho. "Mimi nimelijua mara ya kwanza tu," akasema. "Linakoroma. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nalala nikisikia mkoromo ule chumbani pa baba, nikajua yupo nyumbani." Hakulitambua gitaa la baba yake kwa utamu wake. Alilitambua kwa kilema chake.

Fikirini, wasomaji wapenzi, jambo hilo. Fundi mwenye kuiga aweza kupima unene wa ubao kwa sehemu ndogo ya milimita. Aweza kutumia mti wa aina ile ile, kuchonga fito zile zile na kuchanganya rangi ile ile. Aweza hata kuoka mbao ili azipe umri zisiokuwa nao. Wala si mwongo. Amefanya kazi ya heshima, na pengine gitaa lake ni bora kwa mwimbaji na msikilizaji. Kitu kimoja tu hawezi kukiiga, nacho ni miaka ya mkono wa mtu fulani juu ya chuma cha tatu. Lakini kitu hicho, kwa kweli, hakimo ndani ya mti. Kimo ndani ya yule akumbukaye. Mama angekufa leo, mkoromo ule ungekuwa kasoro tu, na fundi wa kwanza angeiondoa.

Jumapili iliyofuata tuliketi jamaa yote. Mimi, niliyesoma kuliko wengine, nilitoa hotuba ndefu juu ya urithi na heshima ya wazee. Nilisema afadhali tukope ada kuliko kumtoa babu nyumbani. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, hakujibu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole:

"Mwanangu, unadhani karo yangu ya shule ilitoka wapi? Baba alilipiga gitaa lile katika arusi za watu usiku kucha, na asubuhi aliniwekea fedha mezani. Mimi nilisoma kwa gitaa lile. Mdogo wako akisoma kwa gitaa lile, ni kazi yake ile ile. Wewe ndiwe uliyelipa likizo."

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka zile fito nene za mwaka 1944. Mafundi waliogopa mti usivunjike, ukawa mzito. Nami niliogopa kumbukumbu isiharibike, ikawa bubu. Yule mtumishi wa Injili aliyefukia talanta yake ardhini hakuiba kitu. Aliogopa tu. Na mnajua alivyopokewa.

Hati zilifika mwezi wa pili. Kabla ya gitaa la babu kuondoka tulifanya jambo moja. Jioni ya mwisho tulilitoa uani, mama akakaa kwenye kiti chake, nami nikamwomba kila mtoto wa mtaa apige nyuzi mara moja. Walipanga mstari mrefu. Wengi walipiga vibaya sana. Mkoromo ule ulisikika mpaka barabarani, na mama alitikisa kichwa kama asikiaye jamaa akimwita kutoka mbali. Kisha nikalifunga katika kasha lake pamoja na kibuyu cha babu, nikamwandikia mgeni barua kumweleza matumizi yake. Alijibu kwamba hatalinyosha shingo. Hilo silo nililomwomba, lakini nilimshukuru.

Je, nililia? Nililia. Sitaki kuwafundisha ninyi wazazi kwamba kuachana na vitu vya wazee ni jambo jepesi, wala kwamba kila kitu cha kale kiuzwe. Mwenye nyumba mwenye hekima hutumia hazina yake yote, mpya na ya kale. Nasema hivi tu: tazameni ndani ya makabati yenu, mkajiulize kama kitu kilichomo humo kinaheshimiwa au kimefungwa. Kama kinaweza kufanya kazi, na kifanye. Kama hamwezi kukipa kazi, mpeni mwingine awezaye. Na msidharau kitu kipya kilichotengenezwa kwa uaminifu kwa kufuata cha kale, kwa maana mwaka 1941 gitaa la babu nalo lilikuwa jipya na kung'aa, wala hakuna aliyejua kwamba litakuwa la babu.

Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni. Gitaa jipya halina kabati. Limetundikwa ukutani katika darasa langu, na wanafunzi wanaosoma muziki hulipokezana kila siku baada ya masomo. Juma la kwanza mtoto mmoja alilikwaruza uso kwa kifungo cha kaptura yake. Alinitazama akitetemeka, akingojea ghadhabu. Nilipitisha kidole juu ya mkwaruzo, nikamwambia aendelee.

Juzi mwingine, mdogo kuliko wote, alichungulia katika tundu, akasoma polepole kwa sauti. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, Nazareti hii ndiyo ile ya Mtakatifu Yosefu?"

Nilitaka kumweleza habari za Pennsylvania na Wamoravia. Lakini saa ya kupiga ilikuwa imefika, na wenzake walikuwa wakingoja. Nikamwambia aende kwanza akanawe mikono.